Fundi Testa Hurudisha Kosa

"Shangazi, kwa nini ukishalitengeneza gari unaliharibu tena?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka yake, ana miaka saba, amekaa chini kati ya magoti ya shangazi siku ya Jumapili anasukwa nywele. Siku mbili kabla ya hapo alipitishwa gereji akitoka shule, akaona kitu ambacho kichwa chake kilikataa kukimeza. Shangazi alihangaika na taa ya gari la watu nusu saa nzima, taa ikawaka, mwenye gari akashukuru na kunyoosha mkono apewe funguo. Halafu shangazi huyohuyo akaichomoa balbu mpya, akairudisha ile mbovu, taa ikazimika tena, na wote wawili wakasimama kuitazama ilivyozimika kama watu wanaoangalia mechi.

"Kaa sawa," shangazi alisema, akamsukuma kichwa kwa kidole. "Msuko unaenda kombo."

Hilo halikuwa jibu, na mtoto alijua kwamba halikuwa jibu. Lakini kichwa chako kikiwa mikononi mwa mtu mwenye kitana, unanyamaza.

Watu walimwita Fundi Testa. Jina lilitokana na testa, kile kitaa cha kupimia umeme alichokivaa shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu. Kina umbo la bisibisi, ndani ya mpini kuna kibalbu kidogo, na nyuma unatoka waya mrefu wenye kibanio cha meno. Unabana kibanio kwenye chuma cha gari, unagusa waya kwa ncha. Kibalbu kikiwaka umeme upo, kisipowaka haupo. Basi, ndiyo kazi yake yote. Alikuwa akikisahau shingoni. Alienda nacho sokoni, alienda nacho kwenye kikao cha wazazi, na mara moja aliingia nacho harusini juu ya gauni la kijani, mpaka wifi yake akamvuta pembeni kumvua. Mumewe, ambaye ni kinyozi na mtu wa maneno, alikuwa akiwasimulia wateja wake kwamba siku alipokwenda kuposa alikuta mwenzake ameshatangulia, tena amemkumbatia binti shingoni.

Hakuanza na ufundi. Miaka sita alikaa nyuma ya kaunta ya duka la vipuri, kazi yake kutoa balbu na fyuzi, na kupokea maneno makali zinaporudishwa. Mafundi walikuja wamekunja uso: "Dada, umenipa siyo!" Yeye akaigeuza balbu vidoleni na kumwambia mtu aliomba nini na alipaswa kuomba nini. Ikafika mahali akawa anazijua kwa kuzigusa tu, hata akiwa anaangalia dirishani: hii ya uzi mmoja, hii ya nyuzi mbili, hii pini zake za ubavuni zimekaa sawa, hii moja iko juu na nyingine chini. Ndipo fundi mmoja mnene, mkali, asiyesikia sikio la kushoto, akamwambia: "Wewe unazijua kuliko hawa vijana wangu. Vua hilo koti la duka, twende." Akavua, akaenda.

Huyo ndiye aliyemzoesha kurudisha kosa. Hakumweleza sababu, maana alikuwa mtu wa kuamrisha tu. "Umetengeneza? Haya, rudisha ubovu. Umeuona? Haya, tengeneza tena. Sasa mwite mwenye gari, umfanyie vilevile." Testa akafanya hivyo mwaka hadi mwaka, hata baada ya kufungua kazi yake mwenyewe, bila kujiuliza, kama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Kazi yake aliifanyia kwenye uwanja wenye geti la bati, akishirikiana na mnyoosha bodi mmoja aitwaye Nyundo. Nyundo alikaa upande wa kulia na kelele zake. Testa alikaa upande wa kushoto, kwenye kibanda cha mabati chenye rafu za makopo, kila kopo na aina yake ya balbu, na nje ya kopo balbu moja iliyoungua imebandikwa kwa tepu ili mtu asihitaji kusoma. Ukuta wa mwisho wa uwanja aliupaka chokaa na kuuchora mistari ya mkaa, ya kulala na ya kusimama, gari likiegeshwa mbele yake aone kama taa kubwa zinaangalia barabara au zinaangalia ndege.

Na kwenye msumari lilining'inia blanketi zito la kijivu. Blanketi hilo lilikuwa maarufu kuliko yeye. Taa za dashibodi hazionekani vizuri mchana, kwa hiyo Testa alilifunika juu ya kioo cha mbele na usukani, akaingiza kichwa chini yake, na kubaki humo akiongea peke yake. Wateja wapya walidhani anajifukiza mafua. Baadaye wakagundua kwamba na wao wataingia humo, watake wasitake. Hakuna aliyeondoka na gari lake kabla ya kuliona kosa kwa macho yake: lipo, limeondoka, lipo tena, limeondoka kabisa. Waliokuwa na haraka walilalamika. Testa aliwaambia, "Haraka yako itakusubiri," kisha akawainulia blanketi.

Jumanne moja ya msimu wa mvua, yule mtoto wa nywele akiwa ameshafika darasa la tano, geti lilifunguka na gari dogo la shule ya chekechea likaingia polepole. Likaingia polepole mno. Nyundo hakugeuka hata kuangalia.

"Taratibu huyo," alisema. "Ameanza kuingia tangu jana."

Taratibu alikuwa dereva wa shule hiyo kwa miaka kumi na moja. Jina alipewa na watoto wenyewe, maana kila walipomwomba awapite wenzao barabarani aliwajibu kwa neno hilohilo. Siku nyingine angemrudishia Nyundo utani wake. Siku hiyo alishuka, akavua kofia, akasimama ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka," Testa alisema. "Mbona hivyo?"

"Marahaba, mama. Naachishwa kazi."

"Lini?"

"Leo. Saa nne Mwalimu anakuja hapa."

Mwalimu ndiye mwenye shule. Na habari yenyewe ilikuwa hivi. Wiki iliyopita, asubuhi yenye mvua na giza, Taratibu aliwasha taa za gari akiwa na watoto kumi na mmoja ndani. Alipunguza mwendo, akasimama kumchukua mtoto wa kumi na mbili. Lori lililokuwa nyuma yake halikujua kwamba amesimama, kwa sababu taa zake nyekundu za breki zilikuwa zinawaka tangu alipowasha taa, mfululizo, njia nzima. Dereva wa lori aliona nyekundu muda wote, kwa hiyo nyekundu ikawa haimwambii kitu. Akagonga bampa. Ilikuwa kugusa tu. Mtoto mmoja aling'oka jino ambalo tayari lilikuwa linacheza, akafurahi sana. Mwalimu hakufurahi hata kidogo.

Gari likapelekwa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara aliyejiita Profesa. Profesa akafungua dashibodi yote, akakuta nyuma yake waya uliofungwa kwa tepu ambao haukutoka kiwandani, akaandika karatasi: mfumo wa umeme umechezewa na dereva.

"Mwalimu akasema lije kwako," Taratibu aliendelea. "Fundi wa pili naye aangalie. Ukiandika kama alivyoandika mwenzako, barua yangu iko kwenye mkoba. Ameshaitia sahihi."

"Na ulichezea?"

"Niliweka chaji ya simu, mama. Nilichukua umeme kwenye kile kiberiti cha sigara, nikafunga na tepu. Kama huko ni kuchezea, basi nimechezea." Akaigeuza kofia. "Kwa umri wangu huu nani atanipa gari lingine? Mimi najua kuendesha tu. Tena polepole."

Nyundo alikuwa ameacha kugonga ili asikie vizuri. Testa akakishika kitaa chake cha shingoni bila kujua kwamba amekishika. Yeye naye alikuwa na lake: Mwalimu alishamwahidi kwamba muhula ujao magari yote matatu ya shule yatahudumiwa kwake. Alishasafisha hata rafu ya kuwekea vifaa vyake.

"Kaa garini," alimwambia Taratibu. "Usifanye kitu mpaka nikwambie. Usiniambie unavyodhani. Kanyaga nikisema kanyaga, achia nikisema achia."

Akatupa blanketi, akaingia chini yake. "Kanyaga breki."

Dashibodi nzima ikang'aa. Namba za mwendo, kipimo cha mafuta, vitufe vya redio, vyote vikajipamba kana kwamba mtu amewasha taa, na hakuna aliyewasha. "Achia." Giza. "Kanyaga." Mwanga. Akatoka kuangalia mbele: taa ndogo zinawaka na breki. Nyuma: taa ya namba inawaka na breki. "Sasa achia breki, washa taa ndogo." Taa mbili za breki zikawaka nyekundu kali, na mguu wa Taratibu uko sakafuni.

Kwake yeye mambo mawili hayo yalikuwa kosa moja. Umeme wa breki una njia yake, umeme wa taa ndogo una njia yake. Mahali fulani njia hizo, ambazo hazitakiwi kujuana, zilikuwa zimekutana. Profesa alitafuta pale palipong'aa, kwenye dashibodi. Testa hakuwahi kuanza na dashibodi. Dashibodi, alikuwa akisema, ni mdomo tu, na anayeumwa tumbo analalamika kwa mdomo.

Akaanza na chaji ili limalizike. Akaifungua tepu, akauchomoa waya, akasema kanyaga. Mwanga palepale. "Chaji yako haina hatia," alisema. "Ila umeifunga kama mtu aliyevunjika mguu." Akaenda kwenye kisanduku cha fyuzi, akakuta mahali pa fyuzi moja Profesa ameweka kipande cha waya mnene ili isiungue tena. Alikichomoa kwa koleo, akakionyesha angani kama panya aliyeshikwa mkia. "Nyundo, njoo uone elimu." Akaweka fyuzi inayotakiwa. Kosa likabaki. Akalala chini, nyuma ya gari, akatafuta pale nyaya zinapofungwa kwenye bodi kurudisha umeme betrini. Bolti ilikuwa na kutu ya kweli, nyekundu, ya kumeguka. Akafungua, akakwangua kwa msasa hadi chuma kikacheka, akafunga. Kosa likabaki.

Zikabaki balbu. Taa ya nyuma ndiyo mahali pekee ambapo njia zile mbili zinalala chumba kimoja: balbu moja, nyuzi mbili ndani yake, uzi hafifu wa taa ndogo na uzi mkali wa breki. Akachomoa ya kushoto. "Kanyaga." Taratibu aliyekuwa chini ya blanketi akajibu, "Inang'aa!" Akairudisha. Akachomoa ya kulia. "Kanyaga."

Kimya.

"Nimesema kanyaga!"

"Nimekanyaga, mama. Giza tupu!"

Testa akaiangalia balbu iliyo mkononi, au tuseme vidole vyake ndivyo vilivyoiangalia kwanza. Uzi mmoja. Balbu ya uzi mmoja haiingii kwenye holda, kile kikombe cha kushikia balbu, iliyotengenezwa kwa nyuzi mbili. Pini zake zinakataa. Hii iliingia kwa sababu pini moja ilikuwa imekatwa kwa tupa. Na ilipoingia, kitako chake kimoja kikakalia vituo viwili vya holda kwa pamoja, kama mtu mmoja aliyejitandaza kwenye viti viwili, na umeme wa huku ukawa unavuka kwenda kule kupitia kwake.

Mafundi wengi hukata pini hivyo. Wakishakata wanaiacha na kingo kali. Hii ilikuwa imekatwa kwa mshazari, kisha ikapigwa msasa hadi ikawa laini, ili isije ikakwaruza holda. Hakumjua mtu mwingine anayejisumbua kupiga msasa pini iliyokatwa.

Ikamjia. Miezi mitatu nyuma, asubuhi, gari hilihili likiwa getini linanguruma, watoto ndani wanaimba, wamechelewa. Taa ya breki ya kulia imekufa. Kopo la nyuzi mbili tupu. Akachukua ya uzi mmoja, akaikata pini, akaipiga msasa, akaichomeka, Taratibu akakanyaga, ikawaka. "Pita kesho nikuwekee yenyewe," alimwambia. Hakujaribu na taa ndogo. Hakurudisha kosa, mwenye gari hakuwepo, watoto walikuwa wanaimba. Kesho yake shule ikafungwa, Taratibu hakupita, kopo likajazwa, na yeye akasahau kabisa. Gari likatembea mchana wa jua wiki baada ya wiki, hakuna aliyeona kitu, mpaka mvua ilipokuja na giza lake.

"Vipi, mama?" Taratibu aliuliza kutoka chini ya blanketi.

"Subiri."

Akatoa balbu sahihi kwenye kopo, akaichomeka. Kanyaga: nyekundu nyuma, dashibodi giza. Washa taa: dashibodi inang'aa, breki zimetulia. Gari limepona. Ile iliyokatwa akaitumbukiza kwenye mfuko wa ovaroli.

Nyundo akauliza kwa mbali, "Imepona?"

"Imepona."

"Nini?"

Mdomo ukafunguka kabla yake. "Kutu."

"Kutu ni mbwa," Nyundo alisema, akarudi kugonga.

Na ndipo alipoona jinsi neno lile lilivyokuwa zuri. Kutu ilikuwepo kweli. Kutu haina mwenyewe. Akiandika kutu, Taratibu anabaki na kazi yake, magari matatu yanakuja, Profesa anaaibika, hakuna mtu hata mmoja anayeumia. Akachukua kitambaa safi, akakung'utia juu yake ule unga mwekundu wa msasa, akakikunja nusu, akakiweka juu ya siti ya abiria. Mikono ilifanya kazi vizuri tu.

Saa nne kamili Mwalimu akaingia getini na mwavuli na mkoba. Alikuwa mama mfupi, aliyenyooka, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa ule. Nyundo akaweka nyundo chini na kusimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hilo shati lifunge vifungo." Akamgeukia Testa. "Fundi. Nimekuja kusikia."

"Ingia garini, Mwalimu."

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha dereva, mkoba mapajani. Testa akakiinua kile kitambaa, akakaa pembeni yake. Taratibu akatumwa nyuma aangalie taa na kupaza sauti. Blanketi likashuka juu ya vichwa viwili vya kina mama, na ndani kukawa na giza lenye harufu ya vumbi na petroli.

"Kanyaga breki, Mwalimu."

"Zimewaka!" ikasikika sauti ya Taratibu. Dashibodi ikabaki giza, kama inavyotakiwa.

"Achia. Washa taa."

Namba zikang'aa kwa upole. "Za breki zimezima!" Taratibu alipaza sauti, na ilisikika jinsi alivyotaka kucheka akajizuia.

"Vizuri," Mwalimu alisema. "Sasa, ilikuwa nini?"

"Kutu, Mwalimu. Pale nyaya zinapofungwa nyuma. Nimekuwekea hapa." Akakifungua kitambaa kwenye mwanga wa dashibodi.

Mwalimu akatazama ule unga, hakuugusa. "Sawa. Nirudishie."

"Nini, Mwalimu?"

"Kosa. Watu wote wananiambia wewe humkabidhi mtu gari mpaka umrudishie kosa alione. Nimekuja kwa ajili hiyo. Profesa alinipa karatasi, na karatasi ninazo kabati zima."

Testa alikuwa na sentensi tayari: kutu ikishakwanguliwa hairudi. Ilikuwa sentensi ya kweli, neno kwa neno. Angeisema na Mwalimu angeikubali, maana Mwalimu hakujua kitu kuhusu magari. Kwa nje Taratibu alikohoa, kikohozi kidogo cha mtu anayengojea kuitwa.

Akatia mkono mfukoni. "Zima taa, Mwalimu, halafu subiri hapohapo. Usitoe kichwa."

Akazunguka nyuma. Taratibu akamwangalia akichomoa balbu nzima na kuingiza ile iliyotoka mfukoni. Testa akarudi chini ya blanketi.

"Kanyaga."

Dashibodi nzima ikang'aa.

"Ehe!" Mwalimu alisema. Akaachia. Akakanyaga. Akaachia, akakanyaga tena, mara nne au tano, kama mtoto aliyepewa swichi. "Hiyo ndiyo yenyewe. Sasa kutu inahusika wapi?"

"Haihusiki."

Akatoka, akaichomoa tena ile balbu, akarudi nayo, akamwekea Mwalimu kiganjani na kumshika kidole cha shahada, akakipitisha kwenye pini nzima, kisha kwenye ile iliyokatwa. "Hii ilitakiwa isiingie. Imekatwa ili iingie."

"Nani amekata?"

"Mimi."

Mwalimu akapitisha kidole tena kwenye ile pini iliyokatwa.

"Nilikosa yenyewe. Nilimwambia dereva apite kesho yake. Sikumwambia kwa nini, wala sikukutumia salamu wewe. Kisha nikasahau."

"Yeye hakujua?"

"Hakujua."

"Na ulitaka kuniambia kutu."

"Nimekuambia, Mwalimu. Sasa hivi tu."

Namba za mwendo zilikuwa zimezimika na nyuso zao hazikuonekana, na huenda ndiyo maana mtu aliweza kukaa humo.

"Watoto kumi na mmoja," Mwalimu alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kumi na mmoja."

Walipotoka kwenye mwanga nywele zao zilikuwa zimesimama upande. Mwalimu akafungua mkoba, akatoa ile barua yenye sahihi, akaigeuza, akailaza juu ya boneti na kuweka kalamu juu yake. "Andika hapa nyuma. Herufi zisomeke."

Testa akaandika: Balbu si sahihi. Niliiweka mimi. Dereva hahusiki. Mwalimu akaisoma mara mbili, akaikunja, akamwita Taratibu.

"Watoto wanatoka saa sita na nusu. Usichelewe."

"Sijawahi kuchelewa, Mwalimu."

"Najua. Huwa unaondoka mapema kupita kiasi." Akaingia garini upande wa abiria, akakishika kile kitambaa chenye kutu kwa ncha za vidole, akampa Testa kupitia dirishani.

Taratibu alizunguka kuja kumuaga. "Mama, ile kesho uliyosema. Mimi nilidhani ni maneno ya kuagana tu."

"Ningekuwa wewe ningedhani hivyohivyo. Nenda, anakungoja."

Gari likatoka getini kwa mwendo wake. Nyundo alikuwa ameyasoma yale maneno juu ya boneti. "Kumbe kutu si mbwa," alisema, na Testa akamrushia kitambaa.

Magari matatu hayakuja. Mwalimu aliyapeleka gereji nyingine, mbali, tena si kwa Profesa. Rafu iliyosafishwa ikawekwa makopo ya rangi ya Nyundo. Testa hakukata pini tena. Kopo likiwa tupu alimwambia mteja gari halitoki hapa, akavaa viatu vya kutembelea na kwenda dukani kwa miguu, na wapo waliochoka kungoja wakaondoka, wapo ambao hawakurudi. Taratibu aliendelea kupita kila asubuhi na kupiga breki mara mbili mbele ya geti, bila sababu yoyote ya kibarabara, mpaka alipostaafu kwa hiari yake. Mwaka mmoja baada ya hapo gari moja la shule likaingia uwanjani na dereva mpya, betri imekufa. Hakuwa na salamu kutoka kwa mtu, na Testa hakuuliza. Alilihudumia, akamtuma dereva amlete mwenye gari aone. Mwenye gari hakuja. Alituma msaidizi wake, na msaidizi akaingia chini ya blanketi.

Yule mtoto wa nywele sasa yuko sekondari. Jioni moja hii karibuni alikuwa mezani jikoni akichora saketi za fizikia kwa penseli, ya sita haikubali, na shangazi yake ameketi upande wa pili akifungua pasi iliyogoma. Shangazi akaegemea, akaweka kidole mahali ambapo mistari miwili ya mchoro ilikuwa imekutana bila ruhusa, akakiacha hapo mpaka mwenyewe alipoona. Kisha akarudi kwenye pasi yake na kusema, bila kuinua macho:

"Uliwahi kuniuliza mbona naliharibu tena. Wakati ule sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui, nilifundishwa, nikafanya. Gari likishapona, anayejua lilikuwa na nini ni mimi peke yangu. Na mimi nikiwa peke yangu, mwanangu, naongopa kama mtu mwingine yeyote. Siku ile ya Taratibu kutu nilishaiandaa, nimeitandikia kitambaa safi kabisa. Tena ilikuwa kutu nzuri. Hata wewe ungeiamini."